Mti wa Ugomvi

Baba yangu hakuwa mhifadhi. Nalisema mapema kwa sababu tangu afariki nimewasikia watu, hata mchungaji, wakimsifu kwamba alipenda mazingira, na mimi niliyesomea mazingira nabaki nikitazama vidole vya miguu. Baba alikuwa mgomvi. Akikosana na mtu hakupiga kelele wala hakutukana. Alinyamaza, na alikuwa tayari kunyamaza hadi mmoja wao azikwe. Ni ununo wake huo uliotunza mkomahoya wa mwisho uliokuwa ukizaa katika bonde letu la Ileje.

Mti wenyewe ulisimama juu kidogo ya chemchemi, pale shamba letu la kahawa linapokutana na shamba la jirani. Babu yangu na baba yake jirani walipogawana ardhi waliukuta umeshazeeka, wakasema mpaka uwe hapo. Hawakusema kama mpaka unapita kulia kwake au kushoto. Kwao pengine halikuwa jambo, maana ardhi ilikuwa tele. Kwa baba lilikuwa jambo la maisha. Jirani alisema mti ni wake, baba akasema ni wetu, shauri likaenda kwa balozi wa nyumba kumi, likapanda hadi baraza la kata. Wazee wa baraza walikuja, wakauzunguka mti, wakala kuku wa huku na kuku wa kule, wakaamua kwamba mtu asiuguse hadi shauri liishe. Shauri halikuisha. Nilizaliwa nikalikuta, nikaenda shule ya bweni nikarudi nikalikuta, nikaja na shahada ya misitu, lingalipo. Kwa Kindali, lugha yetu, mti huo una jina lake zuri tu, lakini pale kijijini hakuna aliyelitumia. Waliuita mti wa ugomvi.

Kazi yangu ni kutafuta miti mama, yaani miti mikubwa ya asili ambayo bado inazaa mbegu, ili tujue kama msitu ulioliwa na watu unaweza kujirudisha wenyewe au la. Nimepanga Tunduma, chumba kinachotazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, na ofisi ya mradi iko juu ya duka la wakala wa forodha. Asubuhi nakwenda milimani na gari la mradi, jioni narudi na matope hadi magotini, na wenye kubadilisha fedha pale barabarani wameshanizoea, wananiita bibi miti. Mmoja huniuliza kila nipitapo, "Bibi miti, leo umepata mingapi?" Mwanzoni nilimjibu. Siku hizi nampungia mkono tu.

Mkomahoya ni mti ambao shida yake ni kufaa mno. Gome lake ni dawa, na wanunuzi wa magome hupita vijijini na magunia. Wakulima walikuwa wakibandua upande mmoja wakaacha mwingine upone. Alipokuja mnunuzi mwenye haraka wakabandua mzunguko mzima, na mti ukifanyiwa hivyo unakufa umesimama, unakauka kuanzia kileleni kama mzee anayeanza mvi. Mbao yake ni ngumu, nzuri kwa vinu, mipini na nguzo. Kuni zake zinaungua polepole na kushika moto hadi kesho yake. Nimepanda vilima vingi vya Ileje na Mbozi kuutafuta. Nilichokuta ni visiki, mifu iliyosimama, na midogo miembamba ambayo bado miaka mingi haijafikia kuzaa, na mwenye shamba ukimuuliza kama ataiacha ikue anakuambia ataiacha, huku ameshika panga.

Mbegu zake nazo zina ubishi. Mahindi unayakausha, unayaweka ghalani, mwakani unapanda. Mbegu ya mkomahoya ukiikausha unaiua. Inataka iokotwe tunda likishaiva na kuwa la zambarau, isafishwe, ifukiwe ikiwa mbichi. Na mti hauzai kila mwaka. Unaweza kukaa msimu baada ya msimu na majani yake tu, hauna habari na mtu. Kwa hiyo huwezi kuweka akiba. Unachoweza ni kukaa karibu na mti mmoja ulio hai na kungoja.

Mti huo mmoja ulikuwa wa baba. Au wa jirani, sijui. Mimi ni mtoto wa upande mmoja. Niliwahi kuonyesha picha yake kwenye semina moja, katika ukumbi wa hoteli wenye vitambaa vya mezani na maji ya chupa, nikaeleza ukweli wote: kwamba mti huu umesalimika kwa sababu wazee wawili hawasalimiani. Watu wakacheka sana. Mwezeshaji naye akachukua kalamu akaandika kwenye karatasi kubwa ya ukutani: ushirikishwaji wa jamii. Nilikaa chini nikanywa maji yangu.

Jirani hakuwa mtu mbaya. Afadhali niseme kwamba alikuwa mtu mwepesi kupendeka kuliko baba. Alinisalimu siku zote, akaniuliza habari za masomo, na mkewe na mama yangu waliongea chemchemini kwa muda mrefu, ndoo zimejaa, hakuna anayeondoka. Mchungaji alijaribu mara kwa mara kuwapatanisha wanaume wao. Alikuja na Biblia, akanywa chai, akaondoka kama alivyokuja. Mimi nilikuwa namwombea mema katika mambo yake mengine yote, hilo lake nililiachia hapo. Nilijua siku watakayopeana mikono, mti hautakuwa na mlinzi.

Halafu mwaka juzi simu ikalia nikiwa Tunduma, nimekaa na chapati yangu. Baba hakuwa mtu wa salamu kwenye simu.

"Mti wetu umechanua," akasema.

"Kweli, baba?"

"Nimekuambia. Mweupe. Nyuki hadi wanakera."

Nilikwenda Jumamosi ile ile. Ulikuwa umechanua kweli, kilele chote kimevaa vishada vyeupe vidogo, na harufu inashuka hadi kwenye mikahawa. Nilisimama chini yake nikalia machozi ya furaha, na baba akaona haya kwa niaba yangu akaenda kutazama mfereji. Wiki zilizofuata nilitengeneza vitalu uani kwa mama. Nilileta udongo mweusi wa msituni, nikachekecha, nikajaza vipakiti, nikaezeka kichanja cha majani kuzuia jua. Baba alinisaidia kusimamisha nguzo za kichanja. Alifanya kazi kimya, kisha akauliza, "Miche ikiota itakuwa ya nani?"

"Ya kila atakayeitaka, baba. Nataka kila shamba liwe nayo."

"Hata kule?" Akaelekeza kidevu kwa jirani.

"Hata kule."

Akanyamaza, na nilijua ni unyamavu wa aina gani. Lakini nguzo alizimalizia.

Vitunda vilifunga, kijani, vidogo kama punje za kahawa changa. Mama alipewa kazi ya kuvitazama kila anapokwenda kuchota maji. Ndege walikuwa wanaanza kuja kujaribu, wakiviona vichungu wanaondoka. Nilijua kwamba kabla ya mvua kuchanganya vitakuwa vimegeuka rangi, na nilikuwa nimeshaomba likizo ili nikae nyumbani kipindi hicho chote. Ilibaki kungoja, na kungoja ndicho kitu ninachokijua katika kazi hii.

Baba akafa kabla vitunda havijaiva. Ilikuwa presha, aliinuka mezani, akakaa tena, basi. Shangazi yangu, dada yake, ndiye aliyenipigia asubuhi. Tunduma siku hiyo malori yalikuwa yamefunga barabara hata pikipiki zinapita kwenye mitaro, nikashindwa kutoka hadi jua limepanda. Huko Mpemba nikapata gari la ndugu zetu waliokuwa wakielekea msibani, tukashika lami ya kwenda Isongole. Sikumbuki tulichoongea. Nakumbuka tulipoacha lami na kuanza kupanda kwetu nilisikia chenso, ule msumeno wa moto, unalia upande wa bondeni. Nikajiambia ni watu wanavuna paina zao. Milima yetu siku hizi imejaa miti ya kupandwa, paina na mikaratusi tuitayo milingoti, na chenso hulia kila siku.

Kwetu msiba hauna maana bila moto. Pale uani huwekwa gogo kubwa, na wanaume hulizunguka usiku na mchana hadi matanga yavunjwe. Paina haifai kwa kazi hiyo. Inalipuka, inarusha cheche, inakwisha. Linatakiwa gogo linalokaa. Na upo utaratibu mwingine, wa zamani zaidi ya kanisa: aliyekuwa na ugomvi na marehemu haji msibani mikono mitupu. Huja na kuni. Akizitua uani na familia ikaziwasha, ugomvi umezikwa pamoja na mwenyewe, na hakuna mtoto wala mjukuu anayeruhusiwa kuufukua. Nilizijua taratibu hizi zote mbili tangu utotoni. Sikuwahi hata mara moja kuziweka pamoja kichwani mwangu, mimi na shahada zangu.

Nilipofika, wanawake walinipokea getini na vilio, wakanifunga kanga kiunoni, wakanikalisha kwenye mkeka karibu na mama. Binti wa marehemu akishakalishwa hapo hatoki. Chenso ilikuwa bado inalia, na sasa niliisikia vizuri ilipo. Haikuwa kwenye paina. Ilikuwa chemchemini.

Nikamshika shangazi mkono. "Shangazi, wanakata nini kule?"

"Kuni, mwanangu. Usijali mambo ya kuni."

"Wanakata mti gani?"

"Wewe lia, mwanangu. Wanaume wapo, watashughulika."

Nilijaribu kuinuka. Wanawake wawili wakanishika mabega kwa upole, wakidhani nataka kwenda kujirusha kwenye jeneza, na mmoja akaanza kuniombea. Niliita jina la baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba sasa. Wakaniambia yuko huko huko kwenye kuni. Kisha chenso ikanyamaza. Kukawa na kimya kidogo, halafu nikasikia mti unalia kwenye kisiki na kwenda chini, mzito, hadi mkeka ukatikisika. Kuku wakakimbia. Hapo nikapiga kilio. Nilimlilia baba na nikaulilia mti, na sikuweza kutenganisha, na hata leo sijaweza. Baadaye shangazi aliwaambia watu kwamba binti kamlilia baba yake vizuri.

Walileta gogo mabegani, vijana wa kwetu na vijana wa jirani wamechanganyika, wanaimba. Mbele yao alitembea jirani mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, amelowa jasho. Gogo likatuliwa katikati ya uwanja. Lilikuwa bado linatoa maji, na harufu yake ikajaa uani, harufu ya kokwa ya pichi iliyopasuliwa. Jirani akavua kofia, akapiga goti moja mbele ya mama.

"Mama, nimekuja na kuni," akasema. "Mzee huyu tulinuniana hadi tukazeeka. Nilitaka kuleta kuni nyingine, nikaona nitakuwa namdanganya. Tulichogombea ndicho hiki. Nimekuja nacho. Mpaka umekwisha, mama. Kuanzia leo pale hapana mpaka."

Mama akasema, "Asante, baba," akajifunika uso.

Baba mdogo akamwinua, wakakumbatiana, na watu wazima ambao sijawahi kuwaona wakilia walilia. Mchungaji aliyeshindwa miaka yote alisimama na kusema Mungu ana njia zake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, na kwenye tawi dogo lililokuwa limeng'ang'ania gogo niliona kishada cha vitunda vya kijani. Ningesema nini? Ningesimama mbele ya baba yangu aliyelala ndani ya sanduku, mbele ya mtu aliyepiga goti, nikasema mngeungoja uzae? Kulikuwa na ukweli mwingi pale uani, na wangu ulikuwa mdogo kuliko yote. Walichomekea kuni kavu chini ya gogo, wakawasha. Lilichelewa kushika kwa ubichi, lakini liliposhika lilishika kweli. Tulipikiwa kwenye moto ule, tukaota moto ule, na ulikuwa moto mzuri.

Tulipokwisha kuzika nilikwenda chemchemini. Kilele kilikuwa kimelalia mikahawa ya pande zote mbili, majani yameanza kusinyaa. Nikaanza kuchuma vitunda kwenye matawi, vibichi hivyo hivyo. Mke wa jirani akaniona, akaja kunisaidia bila kuuliza, akiamini ni dawa. Mumewe akatufuata.

"Kumbe ulikuwa unavitaka hivi, mwanangu?" akasema. Alisikitika kweli. "Mbona hukusema? Tungekuangushia mti zamani."

Nilimshukuru. Nini kingine ningefanya?

Nilivifukia vyote katika vitalu vya uani, kwenye udongo ule mweusi. Mama alimwagilia asubuhi na jioni kwa kopo, kwa uangalifu wa mtu anayelisha mgonjwa. Nilipokuwa Tunduma nilimpigia simu, naye akaniambia bado. Mwishowe nilikwenda nikafukua baadhi, nikavipasua kwa wembe. Ndani palikuwa na kigamba cha kahawia na maji. Vilikufa siku ile mti ulipoanguka, na sisi tulikuwa tunamwagilia udongo.

Lakini kisiki kilichipua. Mvua zilipokolea, mama alinipigia mwenyewe, sauti imechangamka, akasema kisiki kina machipukizi. Mkomahoya unaweza kufanya hivyo, na mimi ndiye niliyepaswa kukumbuka. Nilikwenda mbio. Yalikuwa machipukizi mekundu kwenye vikonyo, yenye afya, yametokea upande wa kwetu na upande wa kule. Sasa kwa kuwa mpaka umekwisha, mbuzi wa nyumba zote mbili walikuwa wanapita pale kwenda kunywa maji, kwa hiyo nilikata fito na miiba nikazungushia kisiki uzio, mdogo tu, mtu anaweza kuuruka.

Sikuwa nimefika hata Tunduma, simu ikaita. Ni baba mdogo.

"Mwanangu, umejenga nini pale chemchemini?"

Nikamweleza habari za machipukizi na mbuzi.

"Nimekuelewa. Lakini mwenzetu ameuona akaja kwangu, amenyong'onyea. Anauliza kama tunarudisha mpaka. Ule ugomvi tumeuzika na baba yako, mwanangu. Wewe unataka kuufukua?"

Nikamwambia ni uzio wa mti tu, hauhusiani na mpaka. Akanisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu mstaarabu. Kisha akasema, "Uzio ni uzio." Wakauondoa siku ile ile, jirani na baba mdogo wakishirikiana, na fito wakazipanga vizuri nyuma ya jiko la mama ili zisipotee.

Mbuzi walikula machipukizi. Yakatoka mengine, wakala. Niliporudi mara nyingine kisiki chenyewe kilikuwa kimechomwa, kwa sababu nyumba mbili zimekubaliana kupanda maparachichi eneo lote lile, shamba moja la ushirika, na vijana wa pande zote wanalipalilia pamoja. Waliniomba niwachagulie aina ya miche, maana mimi ndiye msomi wa miti. Nikawachagulia. Vipakiti vyangu vya uani, na udongo wake wa msituni, na kichanja alichonisaidia baba, sasa vimekaliwa na maparachichi, na yamestawi kweli. Nimetembea vilima vingine tangu hapo. Sijaona mkomahoya mwingine unaozaa, na yule anayenisubiri pale kwenye kubadilisha fedha bado huuliza leo nimepata mingapi.

Mwezi uliopita jirani alikuja Tunduma kwa shughuli zake, akanitafuta hadi akanipata. Alikuwa amebeba kitu kizito ndani ya gunia, akakitua mlangoni kwangu na kupangusa jasho. Kilikuwa kinu. Kipande kilichobaki cha gogo la msiba alikikausha, akakichonga mwenyewe, na mchi wake.

"Ni cha baba yako hiki," akasema. "Na mimi nimo. Utatwangia watoto wako."

Nilimkaribisha ndani, nikampikia. Alikula vizuri, akaniambia baba alikuwa mtu wa msimamo, tukacheka kidogo, nikamsindikiza hadi stendi.

Natwangia karanga. Ni kinu kizuri, hakijapata hata ufa, na kikilowa maji bado kinatoa ile harufu ya pichi. Mama huniuliza kwenye simu kama kinafaa. Namwambia kinafaa, mama.